Konokono Katika Tangi la Samaki Lenye Mimea: Dalili, Chanzo na Namna ya Kuwazuia

Konokono hawazuki wenyewe katika tangi la samaki. Kila konokono anayeonekana humo ameingia na kitu: mara nyingi ni mmea, mara nyingine ni mchanga, maji, au wavu uliotumika katika tangi jingine bila ya kukaushwa. Akishaingia, idadi ya kizazi chake huamuliwa na chakula anachokikuta. Kwa sababu hiyo, mfugaji anayetaka kulimaliza tatizo hili hana budi kujiuliza maswali mawili kabla ya kufikiria dawa yoyote, nayo ni konokono huyu ameingilia wapi na anakula nini. Kwa sisi wa Unguja na Pemba lipo swali la tatu, ambalo miongozo mingi iliyoandikwa katika nchi za baridi hailigusi kabisa: je, konokono huyu, au mmea uliomleta, umetoka kwenye kijito, bwawa au bonde la mpunga? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama utaendelea kutia mikono yako ndani ya maji hayo au la, na kwa hiyo tutaanza nalo.

Ikiwa mmea au konokono ametoka kwenye maji ya nje

Visiwa vyetu vina kichocho cha mkojo, na mdudu anayekisababisha, Schistosoma haematobium, hukulia ndani ya konokono wa maji baridi anayeitwa Bulinus globosus. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai yaliyomo katika mkojo huanguliwa, viluwiluwi vyake humwingia konokono, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kutoa majini viluwiluwi vingine visivyoonekana kwa macho, ambavyo huipenya ngozi ya mtu katika muda wa dakika chache. Hutoka kwa wingi zaidi mchana, jua linapokuwa kali, yaani saa zile zile ambazo mfugaji hupenda kupandikiza mimea yake kwa kuwa mwanga ni mzuri.

Mtu anayeng'oa yungiyungi au majani ya majini katika kijito cha Pemba na kuyaleta nyumbani ndani ya ndoo yenye maji ya kijito hicho anaweza kuwa ameleta vitu vitatu kwa pamoja: mmea, konokono na viluwiluwi. Vya mwisho havidumu, kwani vikikosa mwili wa kuingia hufa katika muda wa siku mbili. Konokono mwenye maambukizi ni jambo jingine, maana yeye huendelea kuvitoa siku hadi siku kadiri anavyoishi. Kwa upande wa pili, konokono aliyezaliwa ndani ya tangi lako hawezi kuwa na kichocho, kwa sababu hakuna mkojo wa mgonjwa unaoingia humo. Hofu, kwa hiyo, ni kwa wale waliokuja wakiwa wakubwa, wala si kwa watoto wao.

Ikiwa umegundua konokono katika tangi ambalo mimea yake ilitoka nje ndani ya miezi michache iliyopita, fanya kazi zote kwa glavu ndefu za mpira, waondoe konokono wote wakubwa kwa wavu au kwa koleo, na usinyonye maji kwa mdomo ili kuanzisha mpira wa kutolea uchafu. Konokono hao wasipondwe kwa vidole. Kama tayari uliwahi kutia mikono mitupu, na hasa ukiona mwasho au vipele, au baadaye ukaona damu katika mkojo, nenda kituo cha afya ukaeleze jambo hilo waziwazi. Dawa ya prazikwanteli ipo na inajulikana vyema na wahudumu wetu.

Rai yangu ni kwamba mimea ya mtoni isichukuliwe kabisa. Najua kwamba mimea ya dukani haipatikani kwa urahisi hapa kwetu na kwamba ile ya bondeni ni ya bure, lakini tawi moja la mmea safi kutoka kwa mfugaji mwenzako litajaza tangi katika muda wa miezi michache, na halitakuwa na mashaka haya.

Kumtambua konokono uliye naye

Mtoe mmoja, umweke kwenye kisahani cheupe chenye maji kidogo, usubiri ajitokeze. Kisha lishike gamba kwa kibanio, ncha yake ikiwa juu na mdomo wake ukikuelekea. Ikiwa mdomo umekaa upande wa kushoto, gamba ni jembamba lenye kung'aa, urefu hauzidi sentimita moja na nusu, na konokono mwenyewe hutambaa kwa kasi isiyotarajiwa, huyo yamkini ni Physa, mgeni aliyesambaa duniani kwa njia ya biashara ya mimea ya majini. Tahadhari ni kwamba Bulinus naye mdomo wake uko kushoto. Wataalamu huwatenganisha kwa viungo vya ndani na kwa rangi ya damu, ambayo kwa Bulinus ni nyekundu, lakini mfugaji wa nyumbani asijipe uhakika huo kwa macho tu. Kinachofaa kumwongoza ni asili ya mmea uliomleta.

Gamba likiwa bapa, limejiviringa katika tabaka moja, na konokono ni mwekundu au wa kahawia, huyo ni wa jamii ya Planorbidae. Likiwa refu lenye ncha, lenye michirizi ya kahawia, na mwenyewe ana kifuniko kigumu cha kufungia mlango wake anapoguswa, huyo ni Melanoides tuberculata, ambaye ni mwenyeji wa maji ya Afrika Mashariki. Wakubwa wa ukubwa wa limau, wenye kifuniko pia, ni wa jamii ya Ampullariidae, na hao ndio pekee kati ya wote waliotajwa ambao kweli hutafuna mimea yenye afya.

Mayai nayo husema mengi. Physa huacha vifuko vya ute ung'aao, virefu kidogo, vyenye vitone vya mayai ndani yake, chini ya majani na kwenye pembe za kioo. Wa gamba bapa huacha duara la rangi ya kahawia lililobandikwa imara. Melanoides hatagi kabisa. Huzaa watoto walio hai, tena jike halihitaji dume. Ukiona kishada cha mayai ya waridi kimebandikwa juu ya usawa wa maji, huyo ni Pomacea, mmojawapo wa jamii ya Ampullariidae, na usimwache atoke nyumbani kwako.

Dalili: wameongezeka ghafla

Hapa ndipo wafugaji wengi hukimbilia dawa, na hapa ndipo dawa inapofaa kidogo kuliko mahali pengine. Physa mmoja anatosha kuanzisha ukoo, kwa kuwa kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja na anaweza kujirutubisha mwenyewe akikosa mwenzake. Katika joto letu la nyuzi 26 hadi 30, mayai huanguliwa katika muda wa kama wiki moja, na watoto hufikia kutaga baada ya wiki chache. Hata hivyo, kutaga na kuishi ni mambo mawili tofauti. Katika tangi lisilo na mabaki ya chakula, watoto wengi hufa njaa na idadi husimama yenyewe.

Kwa hiyo, konokono wakijaa kioo kizima, angalia kwanza mkono unaolisha. Chakula kinachotosha ni kile ambacho samaki wanakimaliza katika muda wa dakika mbili, mara moja kwa siku. Makombo ya mkate na wali, ambayo watoto wa nyumbani hupenda kuyatia ili kuwaona samaki wakigombania, huzama kati ya mizizi na kuwalisha konokono usiku kucha. Angalia pia majani yanayooza, samaki aliyekufa nyuma ya jiwe, na utando wa kijani unaoletwa na jua la dirishani. Tangi lililowekwa kwenye baraza linalopigwa na jua la alasiri litazaa utando, na utando utazaa konokono, hata kama mwenye nyumba ni bahili wa chakula.

Sababu nyingine ni maji yenyewe, na hii ni yetu mahsusi. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake hubeba chokaa nyingi. Konokono hujenga gamba kwa kalsiamu iliyomo majini, kwa hiyo maji hayo huwafaa mno. Wapo wanaoongeza hali hiyo bila ya kujua, kwa kupamba tangi kwa vipande vya matumbawe na makombe yaliyookotwa pwani, ambavyo huyeyuka taratibu na kuzidisha chokaa. Viondoe, kwani hata mimea mingi haivipendi. Sishauri kuyalainisha maji kwa makusudi ili kuwadhoofisha konokono, kwa sababu guppy na jamaa zake, ambao ndio samaki wa wengi wetu, hustawi katika maji magumu.

Baada ya kupunguza chakula, wavue. Wakati wa kuzima taa, tumbukiza kipande cha tango au jani la mchicha lililochemshwa kidogo, lililofungwa kwenye kijiko cha chuma kisichoshika kutu ili lisielee. Kabla ya alfajiri kuingia, kinyanyue taratibu: utakuta wamekusanyika upande wa chini, wadogo wakiwa wamejipenyeza kwenye mbegu za tango na wakubwa wamekaa pembeni. Kitikise ndani ya beseni, ukirejeshe. Ukiendelea hivyo kila usiku huku ukivibandua vifuko vya mayai kwa kadi ya plastiki, utaona tofauti ndani ya wiki tatu au nne. Ni kazi ya subira, lakini haiui samaki.

Dalili: konokono wamepanda juu wote mchana

Tofautisha kwanza aina. Physa na wale wa gamba bapa hupumua hewa, kwa hiyo kupanda juu mara kwa mara ni desturi yao na hakuna haja ya kushtuka. Melanoides hupumua kwa matamvua na hushinda mchana ndani ya mchanga. Huyo akionekana kwa makumi juu ya kioo saa za mchana, maji yamepungukiwa na hewa au yana amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu na vitu vinavyooza, na samaki nao wako njiani kuathirika. Mara nyingi hali hii hufuata usiku ambao umeme umekatika na pampu imesimama. Badilisha theluthi moja ya maji, washa pampu ya hewa, na safisha sponji ya chujio kwa maji ya tangi lenyewe, si ya mfereji (bomba), kwani klorini iliyomo katika maji ya mfereji inaweza kuua bakteria wanaoondoa amonia.

Huyu Melanoides, kwa wingi wa kiasi, mimi nisingemfukuza. Huupindua mchanga na kula mabaki yaliyofukiwa ambayo samaki hawayafikii.

Dalili: majani yana matundu

Lawama huangukia konokono kwa kuwa hukutwa juu ya jani lililotoboka. Chunguza jani kwa karibu. Ikiwa matundu ni madogo, yameanzia kwenye majani ya zamani, na kila tundu lina ukingo wa manjano au wa kahawia, mmea umekosa potasiamu, na konokono amefika baadaye kula sehemu iliyokwisha kufa. Hali hii hutokea hata katika maji yenye madini mengi, kwani chokaa kuwa nyingi hakuna maana kwamba potasiamu nayo ipo. Tia mbolea ya mimea ya majini yenye potasiamu, ukate majani yaliyoharibika, uangalie majani mapya yanayochipua. Yakitoka mazima, umepata jibu.

Ikiwa majani machanga na yenye afya yamekatwa kuanzia ukingoni, au shina zima limeangushwa, mshukiwa ni konokono mkubwa wa jamii ya Ampullariidae, au samaki mla majani. Mkubwa huyo hana haja ya mtego. Mtoe kwa mkono wenye glavu.

Dalili: chujio linapiga kelele au maji yamepungua nguvu

Konokono wadogo huingia kwenye panga la pampu na kulikwamisha. Zima umeme, fungua, watoe, kisha funika mdomo wa kuingizia maji kwa kipande cha sponji laini.

Dalili: wameondolewa, wamerudi

Mayai yamebaki. Mahali pa kutazama ni sponji ya chujio, upande wa chini wa majani mapana, nyuma ya kipimajoto, na mkunjo wa silikoni kwenye pembe za kioo. Kama ni Melanoides, watoto wake wamo mchangani, na hakuna dawa ya kuaminika itakayowafikia bila ya kuwadhuru wengine, kwa kuwa hufunga kifuniko na kusubiri. Tatizo likikukera kiasi cha kutovumilika, hamisha samaki, toa mchanga wote, uchemshe na uuanike juani mpaka ukauke kabisa.

Tusidhani kwamba kurudi kwao ni udhaifu wa mfugaji. Katika miaka ya 2010, kampeni ya kutokomeza kichocho Unguja na Pemba ilinyunyizia niklosamaidi, dawa ya kuua konokono, kwenye mabwawa na vijito, pamoja na kugawa prazikwanteli kwa watu na kutoa elimu katika skuli na vijiji, na unyunyiziaji huo ulibidi urudiwe kwa sababu konokono hujirejesha. Yaliyotokea kwenye kijito chini ya wataalamu wenye vifaa yatatokea pia kwenye tangi la lita 80.

Dalili: samaki wanakufa baada ya kutia dawa

Sababu ziko mbili, na mara nyingi huja pamoja. Ya kwanza ni dawa yenyewe. Mrututu (salfeti ya shaba), ambao wakulima wanaujua vyema, huua konokono kweli, lakini huua pia kamba wadogo wa tangini, huunguza mimea laini na huwadhuru samaki kwa kiwango kisicho mbali na kile kinachowaua konokono. Tena katika maji yenye chokaa nyingi, sehemu ya shaba yake hutuama chini na haifanyi kazi, hivyo kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya maji laini hakiaminiki hapa, na anayeongeza kidogo baada ya kuona hakuna kilichotokea anajitafutia msiba. Mimi siutii mrututu katika tangi lenye samaki, na simshauri mtu autie.

Sababu ya pili ni mizoga. Konokono mia moja wakifa kwa pamoja na kuozea magambani mwao, amonia hupanda ndani ya siku moja. Maji yetu yana joto na mengi yana alkali, na katika hali hizo mbili amonia huwa na sumu kali zaidi. Samaki wakitweta juu ya maji, badilisha nusu ya maji mara moja kwa maji yaliyoondolewa klorini, nyonya mizoga kwa mpira, usilishe kwa siku mbili, na endesha pampu ya hewa mchana na usiku.

Kuwazuia wasiingie

Mmea mpya usiende tangini siku uliyouleta. Utoe kwenye chungu chake, ondoa sufi iliyoshika mizizi, kata majani yaliyochakaa, ukague kila jani kwa kulielekeza kwenye mwanga, kwa sababu ute wa mayai hauonekani juu ya jani la kijani ila kwa mng'ao wake.

Kisha uogeshe. Shabu, ile ile inayotuliza maji machafu, inafaa kwa mimea mingi: kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne za maji, mmea ulowekwe kwa siku moja hadi mbili, kisha usuuzwe mara kadhaa. Njia kali zaidi ni klorini ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato, sehemu 1 kwa sehemu 19 za maji, kwa dakika moja na nusu kwa mimea migumu kama Anubias, na kwa nusu ya muda huo au pungufu kwa Vallisneria. Suuza papo hapo, uloweke katika maji yenye dawa ya kuondoa klorini mpaka harufu itoweke. Mimea ya majani membamba kama nyuzi, mfano Ceratophyllum, pamoja na aina za kuvumwani, haistahimili klorini. Hiyo itumie shabu, au itengwe tu.

Kutenga ndiko kunakofaa kuliko vyote, kwani hakuna dawa inayoua kila yai. Weka mmea katika ndoo nyeupe yenye maji safi, mahali penye mwanga, bila ya samaki, kwa wiki nne. Mayai yaliyonusurika yataanguliwa humo na watoto wataonekana kwenye weupe wa ndoo. Funika ndoo kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwa uzi, kwa kuwa maji yaliyosimama kwa muda huo bila ya samaki yatazaa mbu kabla hayajazaa konokono. Kila tangi liwe na wavu wake, au wavu uanikwe juani mpaka ukauke kabla ya kuhamishwa.

Wanaouliza habari za samaki walao konokono wajue kwamba wapo, mfano aina za loach, lakini wengi hukua kupita tangi la nyumbani, na baadhi huishi kwa makundi. Kumnunua samaki wa kufunika kosa la kulisha kupita kiasi ni kuongeza mdomo mwingine wa kulisha.

Konokono uliowavua usiwamwage mferejini, mtaroni wala bondeni, wala mimea uliyoipunguza isitupwe huko. Pomacea, ambaye mayai yake ya waridi yametajwa juu, aligunduliwa mwaka 2020 katika mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, na chakula chake kimojawapo ni miche michanga ya mpunga. Hatuna haja ya kumfikisha kwenye bonde letu la mpunga la Cheju, Unguja. Watie ndani ya mfuko wa plastiki wenye chumvi nyingi, au waache kwenye friza kwa siku mbili, ndipo wafukiwe. Kuwaanika juani peke yake hakutoshi kwa wenye kifuniko, kwani hufunga mlango na kuishi siku nyingi bila ya maji, na mvua ya kwanza ya masika huwafungulia.